Msimu wa Mjomba Soksi

Jumatatu, 10 Aprili 1950

Daftari hili si la maneno. Ni la kuandikia alama za besiboli, kila ukurasa umejaa vyumba vidogo vidogo vya kuweka nani kapiga na nani katolewa. Nililinunua mwaka jana, timu yetu ikafa kabla sijaandika hata mchezo mmoja, na leo nimeona nisilitupe. Miaka ishirini na minne nimekuwa mdakaji. Nimechuchumaa nyuma ya wapigaji kutoka Birmingham mpaka Havana, na huu ndio msimu wa kwanza sina pa kuchuchumaa. Naosha mabehewa kwenye yadi ya reli hapa Los Angeles. Jioni nakula kwa Bi. Broussard, mwenye nyumba wangu, kisha napanda chumbani kwangu na kusikiliza redio ya jirani kupitia ukuta.

Jumatano, 12 Aprili

Mabehewa kumi na moja. Ukungu mpaka saa sita. Hakuna barua.

Jumanne, 18 Aprili

Leo kaja yadi mtu wa studio ya filamu, viatu vyake havijawahi kuona grisi, anauliza, "Nani hapa alikuwa mdakaji?" Wenzangu wote wakaninyooshea vidole kama wanaomtaja mwizi. Kumbe wanapiga filamu ya familia kuhusu mdakaji mjane na binti yake mdogo, na mwigizaji wao mkuu, Dale Rennick, hajui kuchuchumaa. Wanataka nimfundishe kwa mwezi mmoja. Nikasema sawa kabla hajamaliza kusema.

Alhamisi, 20 Aprili

Dale Rennick anachuchumaa kama mtu aliyeangusha kifungo. Ni mrefu, mzuri, anasema asante kwa kila kitu, na mpira ukimjia anafumba macho.

"Whitlow, magoti yananiua," akasema.

"Magoti hayaui mtu, bwana. Yanakudhalilisha tu."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nimempenda, na sikutaka.

Jumatano, 26 Aprili

Wamejaza jukwaa la mashabiki. Mbele wameweka watu mia mbili wa kukodi, nyuma yao watu wa maboksi waliopakwa rangi, wana kofia na tai kabisa. Wakati wa chakula nilipita huko nyuma kuwakagua mmoja mmoja. Hata wa maboksi ni weupe watupu. Timu ya kwenye filamu vilevile, ingawa mwaka wa nne sasa wenzetu weusi wanacheza ligi yao kubwa na dunia nzima inajua. Nilimuuliza fundi aliyewapaka kama rangi ya kahawia ilimwishia.

"Hakuna aliyeagiza," akasema. Wala hakuwa na ubaya, alikuwa anaosha brashi zake.

Jumanne, 2 Mei

Nimepewa kusema ndani ya filamu. Mimi, Ezell Whitlow.

Bwana Strand, mwongozaji, kaniita pembeni. "Mjomba, una sura nzuri. Kuna mzee mtunza stoo, anakutana na Dale siku mambo yamemwendea kombo. Utaweza?" Wote pale wananiita Mjomba, na mdogo wao hajafika hata miaka ishirini. Dada zangu hawajazaa kwao. Lakini nikasema nitaweza.

Nimerudi nyumbani nikamwandikia Verlene. Ni binti yangu, ana miaka ishirini na moja, anafundisha watoto wadogo huko Harlow Bend, Mississippi. Mama yake alifariki yeye Verlene akiwa na miaka minane, mimi nikiwa njiani na timu, na nikaendelea kuwa njiani. Shangazi yake ndiye aliyemlea. Siku anamaliza shule nilimwahidi nitakaa kiti cha mbele. Tulikuwa na michezo miwili siku ile Kansas City na mdakaji mwenzangu alivunjika kidole. Viti vya mbele vikajaa, changu kikabaki wazi, na shangazi yake akaweka mkoba juu yake. Verlene aliniandikia mstari mmoja: "Usiniahidi tena." Miaka mitatu sasa sijaahidi kitu. Leo nimeahidi. Nimemwambia filamu ikifika kwenu kaitazame, utaniona, na nitasema. Safari hii hakuna treni ya kukosa, nikamwandikia, watanileta mpaka mjini kwenu.

Jumanne, 9 Mei

Ukungu. Kamera hazikufunguliwa mpaka jua lilipotoka. Hakuna barua.

Jumatano, 10 Mei

Ukungu. Nimepewa maneno yangu kwenye karatasi. Mtunza stoo jina lake ni Mjomba Soksi. Basi.

Ijumaa, 12 Mei

Bi. Broussard kapika mchuzi wake wa bamia, kila Ijumaa ndiyo zamu yake. Kaniomba nimsomee maneno yangu ya filamu. Nikamwambia bado hayajaniingia. Kwa kweli nimeyajua tangu juzi, yananiganda mdomoni.

Jumanne, 16 Mei

Leo nataka kuandika yote, maana hakuna wa kumsimulia.

Hadithi iko hivi. Dale kagombana na binti yake, kaapa kuacha mchezo, anaingia stoo uso umemwanguka. Mimi nimekaa juu ya kreti nashona soksi. Nasema maneno yangu, yeye anatoka anacheka, na huko nje anakimbia kwenda kumkumbatia mtoto. Ile ya kutoka anacheka waliipiga wiki iliyopita, siku jua lilipowakubalia. Filamu haifuati mpangilio, wanaanza popote pale kama watu wanaokula samaki kuanzia mkiani.

Maneno niliyopewa ni haya: "Aka, bosi, mie Mjomba Soksi mambo ya moyo siyajui. Mie najua soksi tu. Soksi ikitoboka natia kidole, kidole kikichungulia nakisalimia." Halafu nizungushe macho, nitikise kidole kwenye tundu.

Nikafanya. Bwana Strand akasema, "Macho zaidi, Mjomba." Nikafanya tena. Watu wa taa wakacheka. Mara ya tatu nikasikia joto masikioni, kwa sababu kichwani nilimwona Verlene amekaa na shangazi yake wananitazama. Nikaweka soksi chini.

"Bwana Strand, nimekuwa mdakaji miaka ishirini na minne. Mtu akija stoo na uso kama huo hatukumchekesha kwa vidole."

Mtu wa kamera akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Mlimwambia nini?" Dale ndiye aliyeuliza. Kisha akamgeukia mwongozaji. "Tumpe moja, Harold. Moja tu, anavyotaka yeye."

Strand akatazama saa, akapunga mkono. Taa zikawaka. Dale akaingia uso umeanguka, na mimi sikumtazama mara moja, nikamalizia mshono. Kisha nikasema: "Uwanja mzima watu wanane wanaangalia upande mmoja. Mdakaji peke yake ndiye anayeangalia upande wao. Yeye ndiye anaona nani anaogopa. Wewe uwanjani unawaona wote, nyumbani unampa mtoto mgongo. Nenda kachuchumae mbele yake, umwone."

Sikuyatunga. Yananihusu mimi mwenyewe, ndiyo maana yalitoka. Dale alisimama tu. Machozi yalimlenga, na hayakuwa ya kuigiza, maana akiigiza analia jicho la kushoto tu. Akatoka na machozi yake.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke anayeandika kumbukumbu za kila picha, yule wa miwani, akasema polepole, "Ni nzuri. Lakini nje kashatoka anacheka."

"Tutaona kwenye meza ya kukatia filamu," akasema Strand.

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani. Kama wataweka hii ya pili, sitaomba kitu kingine.

Jumatano, 17 Mei

Hakuna barua. Lakini nimeamka vizuri.

Jumanne, 23 Mei

Sitaki kuandika ila nitaandika.

Mzee Cato Merriweather anaigiza bawabu wa treni kwenye filamu hii. Kacheza mabawabu na wapishi tangu filamu zilipokuwa hazina sauti. Tulikaa kwenye ngazi za gari la mavazi tunakula mkate na kuku baridi, nikajisifu kidogo kuhusu barua niliyompelekea binti yangu. Nilijisifu sana, kwa kweli.

"Yuko wapi huyo binti?" akauliza.

"Mississippi."

Akaacha kutafuna. "Mdogo wangu, siku ulipopigwa picha, yule mtoto wa kike alikuwemo stoo?"

"Hapana."

"Kuna mahali popote kwenye filamu mtu anakutaja? Mjomba Soksi kasema hivi, Mjomba Soksi kaenda kule?"

"Hapana."

"Anaingia kwa mlango, anatoka kwa mlango?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo hivyo. Wamekujengea chumba chako peke yako ili mkasi upite bila kumjeruhi mtu. Wenye majumba ya sinema huko Kusini hawataki kutuona, na hawa hawataki kugombana na wenye majumba. Mimi nimecheza filamu arobaini na moja. Mississippi nimeonekana mara tatu, moja ilikuwa mgongo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Sisi wote tunajua." Akanitazama, akaniwekea paja la kuku lililobaki. "Pole. Ndiyo maana mimi sina watu ninaowaandikia."

Nimekula lile paja. Sijui kwa nini nakumbuka hilo.

Jumatatu, 5 Juni

Barua. Baada ya kungoja kote huku, imekuja leo.

"Ezell," ndivyo inavyoanza, hajaniita baba tangu siku ile ya kiti. "Nimepata barua yako. Nilitaka kutojibu. Lakini nimemwonyesha Shangazi, na Shangazi akalionyesha kanisa, kwa hiyo sasa Harlow Bend nzima inajua. Hapa filamu hufika zikiwa zimechakaa, labda Oktoba. Tutakwenda. Nitakwenda kwa sababu umesema hakuna treni ya kukosa, nikacheka, na sikuwa nimecheka kwa jambo lako siku nyingi. Usinifanye mjinga mbele ya watu. Verlene."

Nimeisoma mara sita nikiwa nimekaa kitandani na viatu vya kazini. Maji yamenifika shingoni.

Jumatatu, 12 Juni

Siku ya mwisho ya kupiga. Nilimsubiri Bwana Strand kwenye mlango wa gari lake.

"Ile ya stoo, mtaikata Kusini?"

"Si mimi, Mjomba. Ni wenye majumba huko. Mimi natengeneza picha, wao wanafanya watakavyo."

"Lakini wewe ndiye uliyenipiga picha kwenye chumba changu peke yangu, bwana."

Akafungua mlango wa gari. "Ulikuwa mzuri sana," akasema. "Kweli."

Dale alinipa mkono kwa mikono miwili na kuniambia tutaonana. Hakuchukua anwani.

Jumanne, 20 Juni

Nimerudi kwenye mabehewa. Ukungu. Sijamwandikia.

Jumanne, 4 Julai

Fataki. Nyumba nzima imekwenda ufukweni, Bi. Broussard kaniachia kuku na funguo. Nimeanza barua: "Verlene, usiende." Nikafika hapo. Mtu mzima hovyo.

Jumapili, 16 Julai

Barua tatu nimechana. Nikimwambia ukweli atasema nilijua tangu mwanzo. Nikimwambia sikujua, atasema baba gani huyu, mtu mweusi wa miaka arobaini na sita, hajui nchi yake. Na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Nilizunguka Kusini miaka mingi, nililala ndani ya basi kwa sababu hoteli zilikuwa hazitutaki, nilinunua chakula kwa madirisha ya nyuma. Lakini sinema nilidhani ni mwanga tu, na mwanga ukishatoka kwenye mashine unakwenda. Ujinga wa mtu aliyekaa sana nyuma ya barakoa ya chuma ya mdakaji.

Jumatano, 9 Agosti

Joto. Mabehewa yanaunguza mikono. Sijaandika.

Jumatatu, 28 Agosti

Sijaandika.

Alhamisi, 14 Septemba

Filamu imefika kwenye sinema yetu ya barabara kuu. Bi. Broussard kavaa kofia yake ya Pasaka, kanishika mkono kama bibi harusi. Ukumbi ulijaa watu wetu watupu, watoto na karanga zao. Mzee Cato alipopita na sanduku la abiria wakampigia makofi.

Dale alikuwa anachuchumaa vizuri. Nilijikuta namhesabia mipira. Ilipofika stoo, nikapiga moyo konde nikasema, haya sasa.

Wameweka ile ya soksi.

Macho, kidole, kila kitu. Uso wangu ulikuwa mkubwa kuliko ukuta wa chumba changu. Watoto wakaangua kicheko. Nyuma yangu mwanamume mmoja akasema, "Huyo naye, wanamtoa wapi?" na mkewe akamjibu, "Nyamaza, ana njaa ya kazi." Dale akatoka anacheka, akamkumbatia mtoto, na ukumbi ukatulia.

Tulipotoka Bi. Broussard alinishika mkono tena, tukapita nyumba nne. Kisha akasema, "Shati lako lilikuwa limepigwa pasi vizuri."

"Asante."

"Bwana Whitlow, mimi nimesugua sakafu za watu nikicheka miaka thelathini. Kula ule mkate uliobaki, ukalale."

Miezi minne nimeogopa binti yangu hataniona. Sasa ninaogopa kwamba mkasi utakosea, na ataniona.

Jumatatu, 25 Septemba

Upepo wa jangwani umeanza, mkavu, unachana midomo. Nimeandika barua nzima, yote, ukurasa mbele na nyuma. Nimeibandika stempu. Nimesimama mbele ya kisanduku cha posta mpaka mwanamke mmoja akaniomba nipishe. Nikampisha, nikarudi nayo nyumbani, nikaichana.

Alhamisi, 5 Oktoba

Upepo. Filamu itakuwa imefika kwao sasa, au kesho. Basi tena.

Jumamosi, 7 Oktoba

Upepo. Ligi imekwisha leo, bingwa kapatikana, yadi nzima wanabishana. Nimeulizwa naonaje nikasema sikusikiliza.

Jumamosi, 14 Oktoba

Bi. Broussard kaniletea barua hadi juu, na hana kawaida ya kupanda ngazi. Kasimama mlangoni. Nikamwambia nitashuka. Akasema, "Shuka ukishasoma, siyo kabla." Ninainakili hapa yote, nisije nikaipoteza.

"Baba,

"Tulikwenda Ijumaa. Watu thelathini na wawili, tukapanda ngazi za pembeni, tukajaza roshani yetu weusi huko juu. Shangazi alivaa glavu. Tukakutafuta kwenye treni, jikoni, kwenye jukwaa la mashabiki. Hukuwepo. Watu wakaanza kunitazama kwa huruma, na nilikuwa najiandaa kukuchukia, nilishaanza hata kuipanga barua kichwani.

"Baba, wewe umetoka huku zamani, sijui kama mna jambo hili huko. Sisi wa roshani tuna mchezo wetu. Filamu hukatwa kabla ya kutufikia, na ikikatwa inaruka, muziki unakatika katikati. Ikiruka, roshani nzima inaita, 'Nani alikuwa hapo?' Halafu kila mtu anamtaja anayemtaka. Mmoja anasema mpishi, mwingine anasema daktari, Mzee Purvis kila siku anasema ni jenerali. Wale wa chini wanapiga kelele tunyamaze. Tumekuwa tukifanya hivyo tangu nikiwa mdogo.

"Basi yule mdakaji akaingia stoo, uso umemwanguka. Mlango ukafungwa. Filamu ikaruka. Mlango ukafunguka, akatoka anacheka, akakimbia kwa mwanawe. Kaingia mtu mwingine, katoka mtu mwingine. Roshani ikaita, 'Nani alikuwa hapo?'

"Nikasimama. Nikasema, 'Baba yangu.'

"Hakuna aliyetaja mwingine. Shangazi alilia mpaka akavua glavu. Tulirudi tena Jumamosi, na kwenye mlango ule watu walisimama wote, wakaketi ulipofunguka.

"Sasa mji mzima unabishana ulimwambia nini. Mchungaji anasema ulimwombea. Mzee Purvis anasema ulimzaba kofi. Nimewaambia nitakuuliza. Mtu haendi kwa mwanawe namna ile kwa maneno ya hivi hivi. Niandikie, Baba. Ulimwambia nini mle ndani?

"Verlene."

Jumapili, 15 Oktoba

Upepo umelala. Sikwenda kanisani.

Ningeweza kumwandikia yale ya mdakaji na kunyamaza. Yalitoka kinywani mwangu, mbele ya kamera, taa zikiwaka, si uongo. Filamu ile haitafika Harlow Bend ikiwa nzima, si mwaka huu wala ujao. Angewasomea roshani nzima na wangesimama tena. Tangu asubuhi nimekaa na wazo hilo, na ni zuri, na kila nikilishika namwona Verlene siku moja huko Chicago au hapa hapa, amekaa na karanga zake, mlango unafungwa, na safari hii filamu hairuki.

Nimechukua karatasi mbili. Ya kwanza nimemwandikia la soksi, neno kwa neno, pamoja na macho nilivyoyazungusha na mara ngapi, na kwamba ndilo wanalocheka huku. Ya pili nimeandika lile jingine, na kwamba halipo popote isipokuwa hapo. Nimezikunja pamoja, ile ya soksi ikiwa juu, nikatoka kwenda kwenye kisanduku cha posta kabla sijapata muda wa kuzibadilisha.